Anayegawa sabuni na agawe mafuta ya mikono

Kila kipindupindu kinapopiga hodi, vitu viwili hutangulia kufika kambini na mitaani: sabuni na klorini. Hilo ni jema, na makala haya hayakuandikwa kulipinga. Malawi ilipatwa na mlipuko mbaya kuliko yote katika historia yake kuanzia Machi 2022, na hadi ulipotulia mwaka 2023 watu zaidi ya 1,700 walikuwa wamepoteza maisha. Kabla ya hapo, mwaka 2020, ilikuja corona, na sote tukafundishwa upya kunawa. Ndoo zenye bomba zikasimama milangoni mwa zahanati, shule na maduka. Mfanyabiashara anayevuka kutoka Kyela kwenda Karonga alinawa upande huu, akanawa na upande ule.

Lakini katika kampeni zote hizo, sijasikia kipaza sauti hata kimoja kikimweleza mwananchi afanye nini mikono yake ikianza kukakamaa, kuwasha na kupasuka. Sabuni ile ile inayoondoa vijidudu huondoa pia mafuta ya asili ya ngozi. Haichagui. Kwa maoni yangu, anayegawa sabuni bila kugawa chochote cha kurudisha mafuta hayo amefanya nusu ya kazi, na nusu ya pili inalipwa na mikono ya watu wasio na kitu kingine cha kutafutia riziki zaidi ya mikono hiyo.

Tuitazame Dzaleka. Kambi hii iliyopo wilaya ya Dowa, mwendo wa kilomita arobaini na kitu kaskazini mwa Lilongwe, ilikuwa gereza la kisiasa enzi za Rais Kamuzu Banda. Mwaka 1994 ikageuzwa makazi ya wakimbizi. Ilikusudiwa watu kati ya 10,000 na 12,000. Leo wako zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili ndicho lugha ya sokoni. Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 iliweka masharti yake kuhusu kazi na uhuru wa kutembea, na mwaka 2023 serikali iliwaamuru waliokuwa wakiishi na kufanya biashara mijini warudi kambini. Mwezi Mei mwaka huo wakaanza kukamatwa na kupelekwa huko, wakiwemo wenye maduka Lilongwe.

Mtu aliyefungiwa duka haachi kula. Hushika kazi iliyo karibu: kufua nguo za watu, kuosha vyombo vya mgahawa, kukaanga mandasi na chapati, kusuka na kutia nywele dawa, kufyatua matofali, kuchemsha sabuni ya kuuza, kutengeneza baiskeli na pikipiki za kabaza. Zipitie moja moja kazi hizo. Karibu zote ni kazi za maji, sabuni, chokaa, mafuta ya mashine au dawa kali. Ndiyo sababu nasema ugonjwa wa ngozi ya mikono si jambo la urembo. Ni jambo la kipato, sawa na gurudumu la baiskeli lililopasuka.

Ugonjwa wenyewe tunauita ukurutu, na wengine huuita pumu ya ngozi. Ngozi ya nje imejengwa kama ukuta wa matofali: chembe zake ni matofali, na mafuta yaliyo kati yake ni udongo wa kuunganishia. Maji na sabuni huuosha udongo ule kidogo kidogo. Ukuta ukipata nafasi ya kupumzika hujijenga tena. Usipopata, huanza kuvuja: unyevu wa ndani unatoka, na sabuni, kitunguu, pilipili na chumvi ya samaki vinaingia. Kwanza mkono unabana kama umevaa kitu kidogo. Halafu unakwaruza, kisha unawasha, mwisho unapasuka kwenye vifundo na ncha za vidole. Mara nyingi huanzia chini ya pete, kwa kuwa povu hujificha pale bila kusuuzwa.

Jambo ambalo wengi hawaliamini ni kwamba hata maji matupu hudhuru. Ujerumani, kwa mfano, kanuni za afya kazini huihesabu kazi kuwa ya majimaji ikiwa mikono inalowa zaidi ya saa mbili kwa siku, au inanawishwa mara nyingi sana, na hapo mwajiri anatakiwa achukue hatua za kuilinda. Mama wa Dzaleka aliyeanza kufua alfajiri huwa ameshavuka kipimo hicho kabla jua halijawa kali, na hana mwajiri wa kudai chochote kwake.

Kuna tatizo lingine ambalo halisemwi. Vitabu vingi vya tiba hueleza kwamba ngozi iliyowaka huwa nyekundu, na picha zake ni za watu weupe. Kwenye ngozi yetu wekundu huo hauonekani hivyo. Huonekana kama weusi uliozidi, au zambarau, au kijivu chenye magamba. Mhudumu asiyezoea anaweza kukutazama na kusema huna kitu. Na mkono ukishapona huacha madoa meusi yanayokaa miezi. Madoa hayo ndiyo mlango wa balaa nitakayoieleza baadaye.

Halafu lugha. Mswahili anapofika zahanati akasema ana "upele", nesi wa Kimalawi husikia "mphere", neno la Kichewa kwa ugonjwa ule wa wadudu wanaochimba ngozi. Maneno haya ni ndugu, lakini magonjwa si ndugu. Ukipewa dawa ya maji ya kuua wadudu wa upele ukaipaka kwenye mkono uliopasuka kwa sabuni, utapiga kelele, na ugonjwa utazidi. Ni afadhali kueleza mkono unafanya nini kuliko kuupa jina. Upele wa wadudu huwasha zaidi usiku, hukaa katikati ya vidole na kwenye viwiko vya mikono, na mara nyingi watu wengine nyumbani nao wanajikuna. Ukurutu wa kazi hupungua ukipumzika siku tatu nne na kurudi ukirejea kazini. Fangasi nao wana tabia yao: huweza kushika mkono mmoja tu, huku nyayo zote mbili zikichunika. Mweleze nesi hayo, hata kwa Kichewa cha kuombea maji, naye atakuwa na pa kuanzia.

Sasa nije kwenu, ndugu zangu wa mpakani, mnaopita Kasumulu na Songwe na mabegi yenu. Nasema nanyi kwa heshima, maana bila nyinyi nusu ya vibanda vya Dzaleka na vichochoro vya soko la Lilongwe vingekuwa vitupu. Katika mabegi hayo, pamoja na vitenge, simu na viatu, mara nyingi kuna tyubu ndogo za kirimu. Mnajua ninazozisema. Ni nyepesi, hazivunjiki, zina faida nzuri, na mteja hurudi.

Swali ni kwa nini anarudi. Nyingi ya tyubu hizo zina steroidi kali, na ukisoma maandishi madogo utakuta neno clobetasol. Hiyo ni dawa halali. Daktari anaweza kumpa mgonjwa wa ukurutu wa viganja kwa siku chache zilizohesabiwa, na ikamsaidia sana. Tabu ni kwamba dawa ile inazima mwasho na kuchubua weusi kwa wakati mmoja, kwa hiyo mama aliyepasuka mikono huona amepata miujiza miwili kwa bei ya mmoja. Anapaka wiki, anapaka mwezi, anaendelea hadi usoni na kwa mtoto. Ngozi inakuwa nyembamba kama ganda la kitunguu. Michirizi inatokea. Akiacha, mkono unawaka kuliko mwanzo, naye anakufuata anunue nyingine. Kama alikuwa na fangasi, wanatambaa chini chini bila mwasho wa kuwafichua. Kama ulikuwa upele wa wadudu, unafichwa huku ukiambukiza nyumba nzima.

Nyingine zina haidrokwinoni, na baadhi zina zebaki. Haidrokwinoni ikitumika muda mrefu hugeuka: badala ya kuchubua hupandisha weusi wa bluu usiofutika. Kwa wapaka mkorogo wa siku nyingi, vifundo vya vidole hubaki vyeusi hata uso ukiwa mweupe. Zebaki huharibu figo na mishipa ya fahamu, na ndiyo maana vipodozi vya zebaki vimo katika orodha ya bidhaa za kuondolewa sokoni chini ya Mkataba wa Minamata wa 2013. Afrika Kusini ilipiga marufuku haidrokwinoni katika vipodozi mwaka 1990. Tanzania ilikuwa na Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi tangu 2003, na mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi ukahamishiwa Shirika la Viwango, TBS. Rwanda ilianza msako wake mwaka 2018. Kwa hiyo, mbali na dhambi, kuna hasara: mzigo ukikamatwa mtaji umekwenda.

Mtaniambia, "Mwandishi, wewe una mshahara, sisi tuna watoto." Naam, na sisemi muache kuuza vitu vya ngozi. Nasema mbadilishe kinachobebwa. Mafuta ya mgando yasiyo na manukato ni dawa ya kwanza ya mikono duniani kote, hospitali kubwa huyatumia, hayaozi kwenye joto la basi, na mteja wake pia hurudi kila mwezi, safari hii kwa sababu yamemfaa. Glovu za mpira za kufulia nazo ni mzigo mwepesi. Mafuta ya alizeti ya kwetu, ya Singida, yamo jikoni tayari. Utafiti wa watoto njiti huko Dhaka, Bangladesh, uliochapishwa mwaka 2005, ulionyesha kwamba kuwapaka mafuta ya alizeti kuliwapunguzia maambukizi, kwa kuwa huimarisha ule ukuta niliousema. Yakimfaa mtoto mchanga hayatashindwa na mkono wa dobi.

Namna ya kuyatumia ndiyo hukosewa. Watu hupaka asubuhi wakitoka, kama mapambo, basi. Mafuta hupakwa kila baada ya kunawa au kufua, mkono ukiwa umefutwa lakini bado una unyevu kidogo, ili yaufungie ndani. Usiku paka mengi zaidi, vaa soksi za pamba kuukuu mikononi, ulale. Watoto watacheka. Waache wacheke.

Pale Dzaleka maji ni ya foleni, kwa hiyo watu hubana maji ya kusuuza wakapoteza ngozi. Afadhali upunguze sabuni kuliko kupunguza suuza. Sabuni ya unga ikorogwe kwa mti mpaka iyeyuke, si kwa kiganja. Vua pete. Kikombe kimoja cha maji safi kimwagwe katikati ya vidole, halafu mkono ufutwe kwa kukandamiza kitambaa, usisuguliwe. Kwa kunawa mikono, kipande cha sabuni laini ya kuogea kinatosha. Sabuni ya unga na ya kusugulia sakafu si ya mwilini. Ndimu na chumvi juu ya mpasuko ni mateso bure, na ndimu ikikutana na jua huunguza ngozi. Dawa ya meno na mafuta ya taa ni vivyo hivyo.

Klorini inataka tahadhari ya pekee. Kipimo cha kunawia mikono ni asilimia 0.05, kipimo cha kuoshea sakafu na vyoo ni asilimia 0.5, yaani kikali mara kumi. Tofauti hiyo kwenye karatasi ni sifuri moja tu, na ndoo mbili zinafanana. Kijana wa kujitolea aliyechoka anaweza kuzibadilisha, na watu mia wakanawa maji ya choo. Ndoo ziwe za rangi mbili, ziandikwe kwa Kiswahili na Kichewa. Na pale sabuni na maji vipo, hakuna sababu ya kunawa klorini.

Kuhusu glovu, ziko mbinu. Ukizivaa mkono ukiwa umelowa, au zikiwa zimetoboka, umefungia sabuni ndani na umejitengenezea tatizo jipya. Ndani vaa kitambaa chepesi au glovu ya pamba. Jasho likianza, vua, geuza, anika. Mtu akivaa glovu za mpira akavimba hasa pale mpira unapogusa, huenda kemikali za mpira zinamkataa, ajaribu za plastiki.

Mafundi ujenzi wana adui wao. Saruji mbichi ni kali kama magadi, inaunguza, tena ina kromiamu inayomfanya mtu aikatae maisha yake yote. Nchi za Umoja wa Ulaya zililazimisha tangu Januari 2005 saruji ipunguzwe kromiamu hiyo hadi sehemu mbili kwa milioni. Kwa fundi wa Area 25 anayechota zege kwa kiganja, koleo na mpira wa mkononi ni nafuu kuliko kubadili kazi akiwa na miaka arobaini. Mafundi pikipiki nao waache kunawa kwa petroli. Grisi hutoka kwa mafuta kidogo ya kupikia na kitambaa, kisha sabuni.

Kwa wasusi na watia rangi nywele, hasa dada zetu wa Kikongo waliosifika kwa kazi hiyo, la kuogopwa ni rangi nyeusi. Kemikali yake ndiyo hiyo hiyo inayotiwa kwenye piko, ile hina nyeusi ya maharusi wa pwani, na iliyowaletea malengelenge watu wengi. Mwili ukishaikataa mara moja, mara ya pili huwa mbaya zaidi. Vaa glovu wakati wa kupaka na wakati wa kuosha. Wengi huvua wakati wa kuosha.

Wapo watakaosema kwamba kuzungumzia mafuta wakati mgao wa chakula umepunguzwa zaidi ya mara moja ni anasa. Hoja hiyo naielewa, lakini haina mizani. Mkono uliopasuka unauma ukiguswa na sabuni, na mwenye kuumwa hukwepa kinachomuuma. Ataosha ncha za vidole, au hatanawa. Nyufa zenyewe hufuga vijidudu ambavyo mkono mzima usingevifuga, na mikono hiyo ndiyo inayokanda unga wa mandasi na kuosha sahani za mgahawa. Kwa hiyo kopo la mafuta ya mgando si shindani wa sabuni katika kupambana na kipindupindu. Ndilo linaloifanya sabuni iendelee kutumika mwezi wa pili na wa tatu. Mashirika yanayoandaa mgao wa vifaa vya usafi Dzaleka yangeliandika kopo hilo kwenye orodha moja na sabuni, bajeti isingetikisika. Na ndugu wanaochemsha sabuni pale kambini wasiuze kipande ambacho hakijakaa wiki nne. Soda kali iliyobaki ndani inammaliza mnunuzi.

Nanyi mliokwisha kurejea Uvira, Fizi, Rumonge au Makamba, pengine mlidhani ugonjwa umebaki kambini. Ngozi iliyochoka huonekana imepona kumbe ndani bado. Hujijenga kwa wiki nyingi, hata miezi. Anayerudi na kuanza mara moja kujenga nyumba na kulima, mikono itamkumbusha. Endelea na mafuta hata kama hauwashi. Kama ulipewa dawa Dzaleka au Lilongwe, hifadhi kopo au tyubu, maana mhudumu wa huko ulikorudi hana daftari lako.

Wataalamu wapo, ingawa ni wachache. Kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi pale KCMC, Moshi, kimekuwa kikifundisha waganga wasaidizi kutoka nchi nyingi za Afrika tangu 1992, mahsusi kwa ajili ya sehemu zisizo na madaktari bingwa. Uliza zahanatini kama yupo aliyepitia huko. Ukiwa Dzaleka anza na kituo cha afya cha kambi, nao wakiona vema watakupa barua ya rufaa. Mkono ukiwa hauponi baada ya wiki mbili za mafuta na kupumzika, nenda. Baka lililofifia rangi na lenye ganzi si ukurutu, nenda upimwe ukoma. Mwenye kisukari asisubiri hata mpasuko mdogo. Na ukiona usaha, mkono umevimba, homa imeanza au kuna mstari unaopanda kuelekea kwapani, nenda siku hiyo hiyo, hata kama kuna nguo za watu ndani ya beseni.